Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, kuhusu wazee wa Doel

Mheshimiwa Bart De Wever,
Waziri Mkuu wa Ufalme wa Ubelgiji,
Brussels.

Baada ya salamu nyingi, heshima tele na dua za afya njema kwako, kwa jamaa yako wote, na kwa paka wako Maximus ambaye nasikia naye amepata nafasi ofisini, naomba ruhusa ya kubisha hodi. Hodi tena. Nikikosa jibu nitachukulia kwamba umenikaribisha, maana neno nililokuja nalo ni la uzee, na uzee haungoji mlangoni.

Kwanza niombe radhi kwa lugha. Nilitaka kukuandikia kwa Kiholanzi, nikaogopa ndugu zetu wa Liège wasije wakasema nimeegemea upande. Nikafikiria Kifaransa, nikakumbuka kwamba wewe ni mwana wa Flanders, nikaona haya. Kijerumani sikijui. Kilatini, ambacho nchi nzima inajua unavyokienzi, nilikiacha shuleni kwa mapadri pamoja na viboko vyake. Kikabaki Kiswahili, ambacho hapa Ubelgiji hakina chama, hakina jimbo, wala hakijawahi kuangusha serikali. Tena si kigeni kwenu. Kule Lubumbashi nilikozaliwa, mabwana wa kampuni ya Union Minière walikitumia kuagiza kazi migodini. Lugha iliyotumika kutuamuru, naomba leo itumike kukuomba.

Mimi ni mtu mdogo. Ninaishi Antwerp tangu enzi zako za umeya, na kazi yangu ni kuhakiki karatasi za makontena katika ghala moja upande wa kushoto wa mto Scheldt. Anga likiwa safi, nikitoka nje kunywa kahawa naiona minara miwili ya kupoozea ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Doel, imekaa kama vinu vya kutwangia vya majitu. Na nyumbani, kwenye droo ya pili ya jikoni, kati ya mwiko wa bukari na pakiti ya pilipili, kuna kiboksi cha vidonge vya iodini nilichopewa bure na duka la dawa mwaka 2018, serikali ilipotutaka wananchi tujiwekee akiba. Kimeshaingia doa la mawese.

Mama yangu alipokuja kunitembelea alidhani ni dawa ya kichwa. Nikamweleza: hapana Mama, hivi humezwa siku serikali itakapotangaza, ili tezi ya shingo ijae iodini safi, na ile yenye mionzi ikija ikute viti vyote vimekaliwa. Akakigeuza kile kiboksi mara mbili, akakirudisha kwenye droo. Kisha akauliza: "Na siku hiyo watatangaza kwa umeme upi?"

Mama amezeekea Lubumbashi, Mheshimiwa. Maswali ya umeme anayajua.

Usiku wa tarehe 30 Novemba 2025 nilikuwa zamu. Ndio usiku mzee Doel 2 alipozimwa, akiwa ametimiza miaka 50 kazini. (Naomba niviite vinu hivi wazee, kwetu mtu wa umri huo haitwi kitu.) Nilitoka nje na kikombe changu nikitaraji kuona jambo. Sikuona kitu. Doel 1 na Doel 2 hawakuwa na mnara. Walipoozwa na maji ya Scheldt moja kwa moja, kwa hiyo hapakuwa na wingu la kukatika wala moshi wa mwisho wa kuaga. Taa za bandari ziliendelea kuwaka vilevile. Dereva mmoja wa lori, Mpolandi, aliniuliza ninatazama nini. Nikamwambia natazama msiba. Akatazama naye kidogo, kwa adabu.

Niruhusu nikumbushe yale ambayo wewe, ukiwa mwanahistoria, unayajua kuliko mimi. Nayasema kwa faida ya jirani zangu tu. Ubelgiji ilikuwa na vinu 7: vinne Doel, vitatu Tihange kando ya mto Meuse. Vilipokuwa vyote na nguvu zao, vilitoa karibu megawati 6,000 na kukaribia nusu ya umeme wote wa nchi. Mwezi Januari 2003 Bunge lenu tukufu lilipitisha sheria kwamba kila kinu kikifikisha miaka 40 kizimwe, na kipya kisijengwe. Sheria nzuri, fupi, yenye tarehe. Kilichokosekana ni jibu la swali moja dogo ambalo hata mtoto wa Kamalondo, kule Lubumbashi, angeliuliza: tukizima hivi, tutawasha nini?

Miaka 12 ikapita katika kulitafakari swali hilo. Februari 2015 mzee Doel 1 akafikisha 40, akazimwa kama sheria ilivyotaka, akaagwa. Desemba ya mwaka huohuo akafufuliwa, aongezewe hadi 2025. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaja kusema, Julai 2019, kwamba ufufuo ule ulifanywa bila kupima kwanza athari zake kwa mazingira. Mahakama yenu ya Katiba ikaibatilisha sheria yenyewe mwaka 2020, halafu kwa huruma kubwa ikairuhusu sheria hiyo iliyobatilishwa iendelee kufanya kazi hadi mwisho wa 2022, wabunge wapate muda wa kuirekebisha. Ninakotoka, maiti akiendelea kwenda kazini, huwa tunaita wazee wa ukoo. Ninyi mliita kamati. Kila watu na desturi zao, nami siingilii.

Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi mwaka 2022, serikali iliyokutangulia, yenye waziri wa nishati kutoka chama cha kijani, ikaamua wawili vijana kuliko wote, Doel 4 na Tihange 3, waendelee hadi 2035. Na wewe, miezi mitatu tu tangu kiapo chako cha uwaziri mkuu, ukaona Bunge likiifuta ile sheria ya 2003 yote, Mei 2025. Nakupongeza kwa dhati. Ila naomba kusema, nikiwa nimeinamisha kichwa, kwamba kufuta sheria hakumrudishii mzee ujana. Watano wamekwisha kuzimwa. Wamebaki wawili, wazaliwa wa 1985, na baina yao wana megawati zipatazo 2,000.

Hapa naomba niingie jikoni. Kinu cha aina ya Doel, ukikivua koti la zege, ni chungu cha chuma kizito. Ndani mna fito za urani. Maji yanapita katikati yake yakibanwa kwa nguvu ili yasichemke, na joto lake linaenda kuchemsha maji mengine, ambayo mvuke wake ndio unaozungusha mashine ya umeme. Pampu hubadilishwa. Mabomba hubadilishwa, nyaya, hata yale matangi makubwa yanayotengeneza mvuke hung'olewa yakawekwa mapya. Chungu hakibadilishwi. Na chungu ndicho kinachopigwa na nyutroni usiku na mchana, na chuma kinachopigwa hivyo miaka nenda miaka rudi hupoteza unyumbufu wake, kikaelekea kuwa kama kigae: ukikimwagia maji baridi ghafla kikiwa na moto, unajua mwenyewe.

Waliovijenga walilijua hilo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walivitia ndani ya chungu vipande vidogo vya chuma kilekile, vikae humo vikipigwa pamoja nacho. Kila baada ya miaka kadhaa baadhi yake hutolewa, hupelekwa maabara, hugongwa kwa nyundo maalumu mpaka vivunjike. Namna vinavyovunjika ndiyo inayosema chungu kina umri gani kweli, kalenda iseme itakavyo. Nimeupenda sana utaratibu huu. Sithubutu kupendekeza utumike kwa mabaraza ya mawaziri.

Tena si kila kasoro ni ya uzee. Mwaka 2012, Doel 3 na Tihange 2 walipopimwa kwa mawimbi ya sauti, zilionekana alama za nyufa ndani ya chuma cha vyungu vyao, na vipimo vya baadaye vilipohesabu vizuri zikawa 13,047 kwa Doel 3 na 3,149 kwa Tihange 2. Wataalamu wakaeleza kwamba ni mapovu ya hidrojeni yaliyonaswa chuma kilipofuliwa, yaani wale wazee walizaliwa nayo. Kiwanda kilichofua vyungu hivyo, huko Rotterdam, kilikuwa kimeshafungwa; hapakuwa na fundi wa kurudishiwa sufuria. Vikasimamishwa, vikawashwa, vikasimamishwa, vikawashwa. Juni 2017 watu wapatao 50,000 walishikana mikono kutoka Tihange hadi Aachen, Ujerumani, kilomita 90, kuwaomba mvizime. Ninyi mliwajibu kwa upole kwamba ni salama, na mwaka uliofuata mkatugawia vidonge.

Na hapo hapo, mwaka 2018! Oktoba ile, na siku za mwanzo za Novemba, kati ya vinu 7 kikawa kinawaka kimoja tu. Vingine vilikuwa katika matengenezo, baadhi kwa sababu zege la majengo yao ya akiba lilikuwa limechakaa. Na hicho kimoja kilichobaki kikituangazia kilikuwa Doel 3, yule mwenye nyufa elfu kumi na tatu. Waziri wa nishati wa wakati huo akaenda kubisha hodi kwa majirani akitafuta umeme wa majira ya baridi, na magazeti yakachapisha ratiba za maeneo yatakayokatiwa iwapo mambo yatazidi. Nikampigia Mama simu kumsimulia. Alicheka mpaka simu ikaanguka. Akasema: rudi nyumbani nikukumbushe kuwasha mbabula, makaa bado yapo.

Sitaki udhani nakuja kukuhubiria kwamba umeme wa atomu ni haramu. Mtu aliyesoma mitihani yake yote kwa kibatari hana kiburi hicho. Nimesomea chini ya nguzo za umeme ambazo nyaya zake zilipita juu yetu kwenda migodini, usiku baada ya usiku. Naujua uzito wa balbu inayowaka. Na vitu vizee havinitishi. Kule kwetu, bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekaribia umri wa karne moja. Union Minière ndio waliolijenga, mashine zake zikachoka, zikakarabatiwa, na maji yanaanguka bado. Lakini likifa kabisa, Mheshimiwa, litaacha ukuta na ziwa, na samaki. Doel 2 amezimwa na bado ana fito zenye moto ndani, ambazo zitapoa miaka kadhaa kwenye bwawa la maji, halafu zitafungwa kwenye makasha ya chuma na zege, halafu hapo ndipo swali linapoanza.

Naomba nilifuate swali hilo kwa kurudi nyuma kwanza, kwa kuwa wewe ni mtu wa historia na mimi ni mtu wa Katanga.

Karibu na Likasi kuna shimo linaitwa Shinkolobwe. Madini ya urani yaligunduliwa pale mwaka 1915, na yalikuwa na utajiri usiopata kuonekana. Mawe mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi duniani hushukuru ikipata sehemu ya asilimia moja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York na kuyaweka ghalani Staten Island, kwenye mapipa. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea ofisini kwake kumuuliza iwapo Kongo ingeweza kuwapatia urani, akakuta iko hapo mjini, ng'ambo ya maji. Yaliyofuata Hiroshima unayajua. Na Septemba 1944 serikali yenu ilitia saini mkataba na Marekani na Uingereza: wao wapate mawe, ninyi mpate fungu katika faida ya nguvu hii mpya siku itakapotumika kwa amani. Ndivyo nchi ndogo kama hii ilivyopata kukaa mbele darasani, ikawa na kituo cha utafiti Mol tangu 1952, na mwaka 1962 kinu cha kwanza cha aina yake Ulaya kuzalisha umeme.

Nisiseme uongo: sidai kwamba fito za Doel zilitoka kwetu. Shinkolobwe ilifungwa kabla ya uhuru, mashimo yakazibwa, na Doel hakuwa amezaliwa. Ninachosema ni kwamba ada ya shule ililipwa na mawe yale, na walioyabeba mabegani hawakuuliziwa tezi zao za shingo. Shimo lilibaki. Watu waliokosa kazi wakarudi kulichimba kwa mikono wakitafuta kobalti, na mwaka 2004 likaporomoka likaua wanane. Sisi pia tulipewa kinu, kidogo cha utafiti, pale Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1959, cha kwanza Afrika nzima. Hakikuwasha hata jiko la mpishi wa chuo.

Mwanzo wa umeme huu, basi, ni shimo lililoachiwa watu ambao taa haikuwafikia. Sasa tuutazame mwisho wake. Kampuni ya Engie, yenye vinu hivi, iliafikiana na serikali mwaka 2023: ilipe euro bilioni 15, na mzigo wa taka za nyuklia uwe wa taifa, halafu wale wazee wawili waliobaki wamilikiwe nusu kwa nusu. Euro bilioni 15 ni fedha nyingi sana, sijawahi kuziona hata kwenye karatasi za makontena. Lakini anayelipa fedha ili asiulizwe tena, kwetu huwa tunamtazama mara mbili. Na taka zenyewe zinakwenda wapi? Chini ya Mol, mita 225, mna maabara iliyochimbwa katika udongo wa mfinyanzi tangu 1980, wakijaribu kama udongo ule ungeweza kuzitunza kwa mamia ya maelfu ya miaka. Maabara hiyo mmeipa jina la Hades. Wewe mpenzi wa Warumi na Wayunani hutahitaji mimi nikufasirie. Serikali imekwisha kukubali kwamba kuzika chini ndiyo njia. Mahali na mwaka bado havijatajwa.

Mtoto wa Mol wa mwaka 2300, Mheshimiwa, simwoni tofauti sana na mtoto wa Shinkolobwe. Wote wawili wameachiwa shimo na mtu ambaye hawakuwahi kusoma kwa taa yake.

Kwa hiyo ombi langu, ambalo nimelizungushia adabu zote hizi kama mgeni anayezunguka nyumba akitafuta mlango, ni hili. Doel 4 na Tihange 3 watafikisha miaka 50 mwaka 2035. Nakusihi usituache tulifikie suala lao kama tulivyolifikia la wenzao, wiki chache kabla ya tarehe, gesi ikiwa ghali na majirani wakiwa wamefunga madirisha. Serikali yako inasema inataka vinu vipya. Vyema, mwenzenu Mfaransa alianza kujenga kimoja Flamanville mwaka 2007, kikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Ukihesabu hivyo hata kwa vidole vya mkono mmoja, 2035 imeshapita. Kisiwa mnachojenga kwenye Bahari ya Kaskazini kwa ajili ya umeme wa upepo bei yake imepanda hadi mkaanza kukijadili upya. Na Doel 4 mwenyewe, tegemeo letu, ndiye yule ambaye Agosti 2014 mtu aliyekuwa ndani alifungua valvu akamwaga lita 65,000 za mafuta ya mashine, na mpaka leo hajakamatwa. Pengine tunapishana naye sokoni.

Tupe tarehe tatu tu, zimeandikwa: lini wazee hawa watapumzika, nini kitakuwa kinawaka asubuhi yake, na wapi fito zao zitalala. Ukipata nafasi, katika hesabu hiyo mwambie karani aweke mstari mmoja wa Shinkolobwe. Hata ukiwa mstari wa sifuri. Ninachoomba ni kwamba jina lionekane kwenye ukurasa.

Nimekuchosha. Naomba msamaha kwa kila neno lililozidi, na kwa yale yaliyopungua pia. Nakutakia wewe, nyumba yako na paka wako baridi fupi na gridi yenye afya.

Wako mnyenyekevu, mwananchi wa ukingo wa kushoto,
Antwerp, Desemba 2025.

Nyongeza: Kuhusu kile kiboksi cha vidonge. Tarehe ya kuisha ilikuwa imechapishwa ubavuni, lakini doa la mawese limeifunika. Kwa kuwa Doel 4 anaendelea, ningeshukuru ofisi yako ikinijulisha kama nikitupe, nikibadilishe, au nikirudishe kwenye droo. Mama anasema nikirudishe kwenye droo.